Mwaka Usiochongwa kwenye Jiwe la Eunice Colburn

North Calder, Vermont
14 Septemba 2008

Kwa Merrill Colburn,

Natumaini barua hii inakukuta huko Oregon ukiwa mzima. Mimi ni mzima, isipokuwa nyonga ya kushoto, ambayo hukuiulizia ulipokuja Julai, na sioni sababu ya kukuchosha nayo sasa. Majani ya ng'ombe ya mkato wa pili yamekwisha kukatwa na kufungwa. Ng'ombe wa jirani yangu Duane Pratt wamevunja ua wangu tena, na Duane ameomba radhi tena. Mitufaha imezaa vizuri mwaka huu.

Sasa niingie katika jambo lenyewe.

Jumamosi iliyopita nilikuwa makaburini nikipalilia, kama ninavyofanya kila Jumamosi tangu mkutano wa mji uliponichagua kuwa msimamizi. Wakaingia mume na mke waliovaa mabuti mapya, kila mmoja ameshika kidude mkononi. Walianza kwenye jiwe la zamani lenye fuvu na mabawa, wakaandika kitu. Wakaenda kwenye lile lenye kidole kinachoonyesha mbinguni, wakaandika. Wakaenda kwenye jiwe la Thankful Colburn na vichanga wake wanne, wakapiga picha na kusikitika kwa dakika moja, wakaandika. Mwisho wakasimama mbele ya jiwe la wazazi wetu, na mwanamke akaniita kwa sauti ya sokoni:

"Samahani, bibi! Huyu Eunice bado yu hai?"

Nikamwuliza kwa nini anataka kujua.

"Royal alikufa 1979, imeandikwa hapa. Eunice kazaliwa 1919, halafu pako wazi! Sisi tunahitaji tarakimu yake ya mwisho. Kama yu hai, hongera zake, lakini ametuharibia Jumamosi."

Mumewe akacheka. Mimi sikucheka. Nikawataka wanieleze, na wakanieleza bila haya, kama watoto. Mtu ameficha kisanduku, kisha ameandika kwenye kompyuta jinsi ya kukifikia. Msakaji huenda jiwe kwa jiwe, huchukua tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kifo, huziunganisha, na kidude chake kinachosikiliza setilaiti humpeleka mahali penyewe. Bila mwaka wa Eunice hakuna kisanduku.

"Na maelezo yanasema," akaongeza mwanamke, "mkikosa mwaka, mwulizeni msimamizi wa makaburi, nyumba nyeupe ng'ambo ya barabara. Ndiye wewe?"

"Aliyeandika hayo anaitwa nani?"

"Anajiita Mtoto wa Royal."

Royal Colburn alikuwa na mtoto mmoja wa kiume.

Ulikaa jikoni kwangu Julai, ukala maharage yangu na mkate wangu, ukaniomba majivu ya Mama yazikwe kando ya Baba. Nikakukatalia. Ukasema, "Basi, dada, nimeelewa." Kumbe ulikuwa umeelewa hivi. Nataka uondoe mchezo huo kabla theluji haijaanguka.

Dada yako,
Verna Colburn


Roseburg, Oregon
6 Oktoba 2008

Dada Verna,

Barua yako nimeipata, nami naanza na nyonga. Pole. Nakuomba umwone daktari, si yule anayetibu farasi. Huku mvua imeanza. Kazi ya kiwanda cha mbao imepungua, nimewekwa siku tatu kwa wiki. Goti langu linaisalimu nyonga yako. Habari nyingine sina, kwa sababu nyumba hii ina mtu mmoja tangu mke wangu aondoke, na paka hasemi.

Kisanduku hakimo makaburini. Kimo nje ya ukuta wa mawe, kwenye ardhi ya barabara, na karani wa mji wako alinipa ruhusa kwa maandishi. Ulinifundisha mwenyewe Julai kwamba kila kitu kina utaratibu wake. Nimefuata utaratibu.

Unaudharau mchezo usioujua. Mchezo huu ulizaliwa huku kwetu Oregon, na miaka ile Mama alipokuwa anaumwa ndio ulionitoa nyumbani Jumapili asubuhi. Sikuwa najua kuangalia mawe ya makaburi kabla ya hapo. Nimeona kaburi la mwoka mikate lililochongwa tanuri yake, mlango wazi. Nimeona mume aliyelazwa katikati ya wake wawili, na kila mke jiwe lake limegeuzwa kidogo lisimtazame mwenzake. Mtu hupita maelfu ya mawe ya namna hiyo, akajifunza kusoma kisichoandikwa.

Kwa hiyo nilipofika kwetu nikasoma. Jiwe lina jina la Mama. Si mimi niliyelichonga. Baba mwenyewe aliliagiza wangali pamoja, kama Wacolburn wote walivyofanya: mume na mke jiwe moja, miaka ya kuzaliwa imechongwa, ya kufa inangoja. Sikukuomba jiwe jipya wala ardhi mpya. Nilikuomba tarakimu nne na shimo dogo kuliko la kupandia kitunguu.

Watu wakikuuliza mwaka, wape. Unaujua. Kinachokuzuia ni ubishi tu.

Mama yuko kwenye rafu juu ya televisheni. Nadhani ungependa kujua.

Mdogo wako,
Merrill


North Calder
9 Novemba 2008

Merrill,

Salamu. Theluji ya kwanza imekuja ikayeyuka. Duane amechinja nguruwe, akaniletea mguu, nami nimeukubali kwa ajili ya ule ua. Daktari niliyemwona ni wa binadamu, na amesema nyonga imechakaa, jambo nililolijua bila yeye.

Wasakaji wako hawajaisha. Wanakuja mpaka siku za ibada. Wote wananiuliza mwaka, nami nawajibu wote neno moja: "Sijui." Mmoja alithubutu kuniambia, "Bibi, mbona msimamizi hujui watu wako?" Nilimwonyesha lango.

Sasa sikiliza matunda ya mchezo wako. Carlene, mke wa Duane, naye ameingia kwenye upuuzi huo. Alhamisi nilimkuta amepiga magoti mbele ya jiwe la wazazi wetu na mkebe wa povu la kunyolea, lile la mumewe, amelipaka jiwe zima mpaka limekuwa kama keki ya harusi, halafu anakwangua kwa kipande cha ubao.

"Carlene Pratt, unafanya nini?"

"Usigombe, Verna. Povu linaingia kwenye maandishi yaliyofutika, juu unalikwangua, basi herufi zinasimama nyeupe. Nilidhani mwaka wa mama yako umelika na mvua."

"Haujalika. Haukuwahi kuwapo."

"Basi sijaharibu kitu."

"Hilo ni marumaru. Povu lina asidi, linakula marumaru kama siki. Unamnyoa nani hapo, Baba?"

Akaona aibu, akasaidia kulisafisha. Tulibeba ndoo za maji kutoka kwangu mpaka mikono yetu ikafa ganzi. Makaburi yote yenye marumaru katika nchi hii yana alama za wapenzi wa mawe waliokuja na mikebe yao, na kila mmoja anakuambia kwamba ameyapenda sana.

Nina swali moja. Nilikuuliza jikoni Julai, ukaanza kusifu mkate. Nakuuliza kwa maandishi ili usiwe na mkate wa kusifu. Mama aliomba kurudishwa huku? Aliomba kwa kinywa chake?

Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Verna


Roseburg
25 Januari 2009

Dada Verna,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umechakaa tayari. Nimechelewa kuandika. Nilikuwa na shughuli fulani mwanzoni mwa mwezi, zimekwisha. Paka mzima. Natumaini una kuni za kutosha.

Unajua Carlene alipiga picha kabla hujafika na ndoo? Aliiweka kwenye ukurasa wa mchezo, wasakaji wote wameiona. Nimeichapisha, nimeiweka kwenye bahasha hii. Itazame vizuri, pale palipo wazi baada ya 1919. Povu limeingia kwenye mikwaruzo ambayo macho hayaioni. Haikuchongwa na fundi. Ni kazi ya mtu asiyejua kushika tindo, na juu yake pamesuguliwa ili pafutike. Lakini inasomeka.

1961.

Mwaka huo Mama hakufa, Verna. Mwaka huo alinishika mkono, nikiwa na miaka minane, tukapanda gari la barua mpaka stesheni. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alijifunza kuendesha gari, alipanda waridi, alicheza karata na majirani na kuwaibia.

Nani aliyekuwa na haja ya kumwandikia kifo akiwa hai? Baba hakuwa mtu wa maneno, sembuse ya kuyachonga. Ulikuwa na miaka kumi na saba, ulikuwa na hasira, na tindo zilikuwa kwenye banda la ng'ombe. Uliandika, kisha ukaogopa watu, ukasugua. Halafu miaka yote hii unajiita mlinzi wa mawe! Unamgombeza mwanamke wa watu kwa sababu ya povu!

Sasa naelewa kwa nini humtaki. Ulimzika zamani.

Merrill


North Calder
8 Machi 2009

Merrill,

Niko hai. Utomvu wa miti ya sukari umeanza kutoka, watu wanauchemsha, na bonde zima linanuka moshi na sukari. Barabara imekuwa tope mpaka magurudumu.

Jumanne ilikuwa siku ya mkutano wa mji. Nilisimama nikatoa hoja kwamba michezo ya kusaka visanduku ipigwe marufuku kwenye makaburi na barabara inayopakana nayo. Nilikuwa nimeiandika kwa uangalifu. Nilipokaa, Duane akasimama, kofia mkononi.

"Mimi nampenda Verna, anajua," akasema. "Lakini tuseme kweli, makaburi yanapata watu wengi kuliko kanisa."

Ukumbi ukacheka, na mchungaji naye akacheka.

"Na hao wageni," akaendelea, "ndio waliotuambia jiwe la babu yangu limelala kifudifudi kwenye vichaka. Miaka yote hiyo tulidhani hana jiwe. Verna mwenyewe hakujua."

Ni kweli, sikujua. Vichaka hivyo viko upande wa chini, na mguu wangu haushuki huko. Carlene naye akapaza sauti kutoka nyuma: "Wape mwaka tu, Verna, yaishe!" Hoja yangu ilishindwa. Mikono iliyoniunga mkono ilikuwa wangu na wa mzee Gaylord Stannard, ambaye hupinga kila kitu na hakusikia nilichosema.

Sasa nakuja kwenye picha yako.

Hukuwapo. Ulikuwa kwenye gari moshi unakula biskuti. Mimi nilitoka shule nikakuta jiko limezimika, na jikoni yuko Baba amekaa na buti zenye samadi, jambo ambalo Mama hakuliruhusu kamwe. Watu walipomwuliza mkewe yuko wapi, alianza kuwaambia amefiwa. Alipomaliza kukata majani ya kiangazi alichukua tindo, akapanda makaburini, akaandika ulichokiona. Ni mwandiko wa Baba. Tisa yake ilikuwa na mkia hivyo hivyo kwenye kila gunia.

Aliyesugua ni mimi. Nilipanda Jumapili wakati wengine wakiwa kanisani, na jiwe la kunolea miundu, na nilisugua mpaka vidole vikatoka damu, kwa sababu hakuwa amekufa na sikutaka jiwe liseme amekufa. Baba alikuja akasimama nyuma yangu. Alitazama, akarudi kukamua. Hakuandika tena, nami sikuruhusu mtu mwingine aandike. Pako wazi kwa sababu mimi nilipaweka wazi, Merrill. Nilimwekea nafasi.

Na nafasi hiyo aliijaza na nini? Kila Krismasi nilipata kadi moja. "Kutoka kwa Mama na Merrill." Mwandiko ni wako. Kwanza wa mtoto wa miaka minane, herufi zikipanda mlima, kisha wa kijana, kisha wa mtu mzima. Sikuwahi kuona mwandiko wake tena mpaka leo.

Umeniita mtu aliyemzika mama yake akiwa hai. Sidai uombe radhi. Nilikuuliza swali moja mwezi wa Novemba, ukanijibu kwa picha. Narudia kwa mara ya mwisho. Aliomba?

Verna Colburn


Roseburg
2 Aprili 2009

Dada,

Salamu zako za tope nimezipata. Huku maua yametoka. Nimekaa na barua yako kwa siku kadhaa.

Hapana. Hakuomba.

Nilimwuliza mara mbili akiwa na akili zake. Mara ya kwanza alisema, "Nimwageni popote, mradi pasiwe na ng'ombe." Mara ya pili alisema nimwache apumzike. Vermont hakuitaja. Nilipokutaja wewe aliinuka akaenda kuosha vyombo, ingawa vilikuwa vimeoshwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni hasira. Baadaye sikujua ni nini, na sikuwahi kumkalisha chini nikamwuliza. Zile kadi nilizinunua kwa pesa yangu ya kuuza magazeti. Yeye alijua, kwa sababu stempu alinipa yeye. Ni hayo tu niliyo nayo, sina kingine cha kukupa kutoka kwake, na nimetafuta.

Anayetaka Mama aletwe huko ni mimi.

Ile shughuli ya Januari ilikuwa moyo. Waliufungua, wakaufunga, wakaniambia niwe mtu wa polepole. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji muuguzi aliniuliza amwandike nani kuwa ndugu yangu wa karibu. Nilimtaja mwenye duka la chini. Nilipokuwa nimelala pale nikawaza: nikifa, mwenye nyumba atakuja na mifuko ya takataka, ataangalia rafu, atafungua mfuniko wa kopo la majivu aone kama ni kahawa. Mimi nimetembea makaburi ya watu kwa miaka, nimesoma majina ya wageni kwa sauti ili mtu awe ameyasoma. Mama yangu ana jina limekwisha kuchongwa, na hayupo chini yake.

Kwa hiyo nilikutumia watu wakusumbue. Nilifikiri utachoka. Nimeufuta mchezo jana usiku. Hatakuja mtu mwingine.

Kuhusu 1961, nilikosea.

Merrill


North Calder
19 Aprili 2009

Merrill,

Nimesoma barua yako. Moyo si goti, na ungeniambia Januari. Mwandikishe mtu mwenye akili kuwa ndugu wa karibu, si mwenye duka. Anwani yangu unayo.

Sitakuficha kwamba jibu lako liliniuma. Lakini ni jibu, na ni la kwanza kutoka nyumba hiyo tangu 1961. Mama angeomba mwenyewe kurudi, ningekataa tena, na ningelala usingizi mzuri. Hakuomba. Umeomba wewe. Hilo ni jambo jingine, na nimelipima kwa uzito wake.

Mlete.

Ardhi bado imeganda kwa baridi, ngumu kama chuma, haichimbiki. Waliokufa majira ya baridi wangali kwenye chumba cha mawe pale langoni, watatu, na lazima wao wazikwe kwanza kwa zamu yao, kwani familia zao zimengoja. Mama atakuwa wa nne. Njoo wiki ya mwisho ya Mei. Duane atachimba. Utakaa nyumbani kwangu kwa sababu hakuna hoteli, na utavua viatu mlangoni. Usinikumbatie, na usilete waridi zake kwenye kopo ukidhani nitazipanda. Sitatoa hotuba, wala wewe hutatoa. Tutasimama pale mpaka shimo lijae, kisha tutarudi tule. Bado sijakusamehe ile "nyumba nyeupe ng'ambo ya barabara" uliyowaelekeza wasakaji wako, na sitarajii kuwa nimemaliza ifikapo Mei.

Carlene amekasirika kwamba umeufuta mchezo. Ni shauri lenu nyie wawili, mimi msinitie ndani.

Fundi wa mawe anapita mji huu mwanzo wa Mei, na nimemweleza kazi. Amesema mikwaruzo haitaonekana akichonga juu yake. Akanipa kalamu niandike mwaka, nami nikamrudishia kalamu.

Kadi yako ilifika Januari ya 2007. Ilisema, "Mama amepumzika, mambo yote yameshughulikiwa." Haikusema lini. Inaweza kuwa mwezi huo, inaweza kuwa mwaka uliotangulia. Hukuandika, na mimi sikuwa tayari kumwomba mtu anitajie siku aliyokufa mama yangu. Wale watu wako wote niliowaambia "sijui", niliwaambia kweli.

Jiwe linachukua mwaka tu, lakini nitajie na siku yenyewe. Na kama ilikuwa asubuhi au jioni.

Mama alikufa lini, Merrill?

Dada yako,
Verna